Mwalimu Aliyepika Mawe

Mara ya kwanza askari walipokuja kumuuliza anachoma nini uani kwake, mwalimu wa fizikia aliwapa viti, akawaomba wavue viatu. Walikuwa watatu, bunduki mabegani, na mmoja wao alikwisha kuinama afungue kamba za buti kabla hajakumbuka yeye ni nani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa matete naanika nguo, na shuka likaniponyoka likaanguka mchangani. Miaka ile ya vita hakuna mtu aliyemwambia askari avue viatu. Lakini yeye hakuwa anatania. Unga aliokuwa akiufanyia kazi haukutaka mchanga, basi.

"Iko unga wa nini?" aliuliza mkubwa wao.

"Wa mawe."

"Unapika mawe?"

"Ndiyo. Napika mawe."

Wakaangaliana. Wakaingia na buti zao, wakafunua masufuria, wakagonga kuta, wakatoka na kopo moja la unga mweusi. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mpika Mawe. Waliolitaja jina hilo kwa kicheko walikuwa wachache kuliko waliolitaja kwa sauti ya chini.

Tulikaa jirani miaka mingi, Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, katika mtaa wa Waswahili, na tulifundisha lise moja, sekondari ya pale, yeye fizikia, mimi biolojia. Wazee wangu walitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa hiyo kwangu kulikuwa na wageni kila siku, kelele na samaki wa kukaanga. Kwake kulikuwa kimya. Alikuwa mtu mzima asiye na mke, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele kama mtu anayesikiliza. Alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi akichunguza kitu ambacho hata jina lake liliwashinda wanafunzi. Neno la Kifaransa lilikuwa refu, wakalikata wakasema "sipra". Alikuja nyumbani kwa vakansi, likizo fupi tu. Vita ikaanza, ndege zikasimama, makaratasi yake ya kurudia yakaisha muda, na direkta wetu, mkuu wa lise, aliyekuwa amepoteza nusu ya walimu, akamwomba ashike darasa kwa wiki chache. Zile wiki chache hazikuisha.

Nimesikia watu wakisema alikuwa mwendawazimu. Hawakuwahi kukaa darasani kwake. Mimi nilikaa, zaidi ya mara moja, kwenye benchi la nyuma, kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya mtu apike mawe wakati wenzake wanafunga mizigo.

Siku moja aliingia na gunzi la mahindi ambalo halijapukuchuliwa na beseni lenye punje zilizopukuchuliwa. Akainua gunzi. "Tazameni hizi punje. Zote zimeelekea upande mmoja, bega kwa bega." Kisha akatikisa beseni. "Na hizi? Kila moja imelala inavyotaka." Akasema sipra ni jiwe jeusi la shaba, bariamu na madini mengine ya nadra, na kwamba ukilitia kwenye baridi kali linapitisha umeme bila kuupunguza hata kidogo. Waya wa kawaida unaula umeme njiani. Jiwe hilo haliuli. Lakini jiwe lenyewe si kitu kimoja. Ukiliweka chini ya darubini unakuta ni punje nyingi ndogo zilizoshikana, kama za beseni. Ndani ya punje umeme unakimbia. Ukifika kwenye mpaka wa punje na punje, kama ya pili imepinda kidogo tu kuliko ya kwanza, unakwama.

"Kidogo kama nini, Mwalimu?" aliuliza msichana mmoja.

Alichukua kitabu, akakiinamisha juu ya meza kwa kiasi ambacho ungedhani meza ndiyo mbovu. "Kama hivi. Hapo umeshapoteza karibu kila kitu. Kazi yangu yote kule ilikuwa ni kujaribu kuzirudisha punje kwenye gunzi."

Waliandika. Nje, upande wa milima, ulisikika mlio mzito, kisha mwingine. Hakugeuka hata shingo. Alisubiri kimya kirudi, akaendelea kutoka neno lile lile aliloachia.

Ajabu ni kwamba mtu huyo asiyeshtuka kwa bunduki aliogopa radi. Mvua za Rumonge zinakuja juu ya ziwa kwa kishindo, na mtu aliyesomea umeme maisha yake yote alikuwa anaingia chini ya meza, anakaa huko amekunja magoti. Mume wangu alimkuta hivyo siku moja alipompelekea mawese. Wakaongea vizuri tu, mmoja amesimama na mwingine chini ya meza, mpaka mvua ikapita. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mawese, anayanunua Kigwena na kuyapandisha Bujumbura, na alimpenda mwalimu kwa sababu hakuwahi kumwuliza siasa. "Yule mutu," aliniambia, "ukimwuliza habari za vita anakujibu habari za baridi."

Alikuwa na mengine yasiyolingana. Nyumba yake ungeweza kula sakafuni, lakini alikuwa akisifia uchafu. Alisema kwamba jiwe safi kabisa ni jiwe bovu, kwamba ndani ya punje kunatakiwa vipande vidogo vya uchafu, vidogo kiasi kwamba darubini ya shule yetu isingeviona hata ikisaidiwa na malaika, na kwamba vipande hivyo ndivyo vinavyoishikilia sumaku isitangetange ndani ya jiwe na kuuvuruga umeme. "Uchafu wa kiasi chake, mahali pake," alisema, huku anafuta vumbi kwenye dirisha. Tena alikuwa mchoyo wa maneno, halafu ukimgusa kwenye mawe yake anaongea mpaka chai inapoa. Hakuwahi kumwambia mwanafunzi "sijui". Alisema "bado". Tunafika huko? Bado. Inawezekana? Bado.

Nilimwona amekasirika mara moja tu. Mtu wa komine, utawala wa pale mjini, alikuwa ameandaa mkutano wa amani uwanjani, na kwa kuwa alikuwa amesikia habari za punje na mipaka, alimwita mwalimu mbele ya watu wote aeleze jinsi punje hizo zinavyofanana na makabila yetu, na jinsi umeme wa taifa unavyokwama. Watu walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa. Mwalimu alisimama pale, mikono nyuma.

"Punje hazichukiani," alisema. "Hazijui kama ziko. Hakuna punje iliyochoma nyumba ya punje nyingine. Musizisingizie."

Akashuka, akaenda zake. Niliona watu wawili watatu wakimsindikiza kwa macho, macho yasiyokuwa ya mkutano wa amani, nikasema moyoni kwamba huyu mtu sasa hana upande, na asiye na upande hapa anabaki peke yake katikati ya barabara.

Tanuri lake ndilo lililoanza kumponza. Alikuwa na tanuri dogo la umeme alilokuja nalo, lakini nguzo za umeme zilikuwa zikiangushwa, na umeme ulipokuja ulikuja dhaifu, unaondoka kabla jiwe halijaiva. Kwa hiyo alijenga tanuri la makaa uani, kwa udongo wa kichuguu, akisaidiana na jirani yetu sonara, mzee Mwislamu aliyekuwa akifua pete na hereni na aliyejua kuusoma moto kwa rangi yake. Fundi wa kuchomelea vyuma alimpa mtungi wa oksijeni uliobakia kidogo. Walikuwa wanapuliza mivukuto mchana kutwa, moto unakuwa mwekundu, halafu wa machungwa, kisha sonara anasema "Hapo," na mwalimu anaingiza vidonge vyake vya unga. Baada ya hapo kazi ilikuwa kupoza. Alipoza polepole, siku nzima na zaidi, akiingiza oksijeni kidogo kidogo, na hakuruhusu mtu amharakishe. "Kupika kila mtu anajua," alisema. "Watu wanaharibu kwenye kupoza."

Makaa yalitoka milimani, upande wa waasi. Aliyeyaleta alikuwa kijana mmoja mwenye mabega mapana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake mwaka wa kwanza kabisa, kabla hajaacha shule. Alikuwa akishuka na baiskeli yenye magunia, anapita barieri, kizuizi cha askari barabarani, kwa kutabasamu, anamsalimia mwalimu kwa mikono miwili. "Amahoro, Mwalimu." Alipenda kusimama karibu na tanuri akiuliza maswali, maswali mazuri. Hii waya inaenda wapi? Hii betri ya lori inafanya nini hapa? Mwalimu alimjibu yote. Alikuwa na furaha kuulizwa.

Mimi kijana yule sikumpenda. Sikuwa na sababu, ila kwamba makaa yake yalikuwa mengi wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kwenda msituni kuyachoma.

Kitu alichokuwa akikitafuta mwalimu kilikuwa kimoja. Aliamini kwamba kiasi kidogo cha chokaa, kikitiwa ndani ya unga, kitakwenda kukaa hasa kwenye ile mipaka ya punje, na umeme utapata pa kuvukia. Kule Ulaya hakuwa amepewa nafasi ya kujaribu. Hapa alikuwa na chokaa, alikuwa na unga aliokuja nao ndani ya makopo ya maziwa, alikuwa na moto. Alikosa baridi. Baridi yenyewe si ya barafu. Ni ya azoti, ile naitrojeni ya hewani, iliyogeuzwa maji, na Burundi nzima, wakati ule, waliokuwa nayo aliowajua ni watu wa mifugo, wanaohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe.

Alikuwa na rafiki huko Bujumbura, daktari wa mifugo, mtu mnene mcheshi waliyesoma naye. Daktari aliahidi, akaahirisha, akaahidi tena. Barabara ya kando ya ziwa ilikuwa mbaya. Magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na bado kila mara ulisikia kwamba msafara umepigwa. Hatimaye alikuja. Karibu na Gitaza walipigiwa risasi kutoka kwenye mashamba ya juu. Gari la mbele likapinduka, watu wakakimbilia majini na kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wetu. Daktari akakimbia amekumbatia chombo chake cha aluminiamu kama mtoto, na kwa kuwa kilikuwa kimeinama, kikaanza kutoa moshi mweupe. Wavuvi waliokuwa wamejificha naye wakapiga kelele kwamba iko sumu. Mmoja tu alikubali kumpakia kwenye mtumbwi wake, kwa sharti kwamba chombo kikae mbele na yeye nyuma.

Walifika Rumonge jioni, jua bado liko, na nusu ya mji ilikuwa mwaloni, mitumbwi inapofikia. Wote waliuona moshi mweupe ukimwagika kutoka kwenye chombo na kutambaa juu ya maji. Daktari alikuwa anacheka, suruali imeraruka goti. "Nimeleta baridi ya ng'ombe!" alipaza sauti. Mwalimu hakucheka. Alimshika mabega, akamgeuza huku na huku kutazama kama kuna tundu la risasi.

Kesho yake asubuhi darasa lilijaa hata madirishani. Aliweka kwanza jiwe alilokuja nalo kutoka Ulaya ndani ya bakuli, akamimina azoti, ikachemka kwa sauti ya kukaanga. Akaweka sumaku juu. Sumaku haikugusa jiwe. Ilisimama hewani. Alipitisha karatasi katikati, ikapita. Halafu akaishika sumaku kwa koleo ya mti, akainua, na jiwe likafuata chini yake, likining'inia, na kati yao hakuna kitu. Sonara alikuwa amesimama mlangoni. Akasema jina la Mungu.

Baada ya hapo akaweka la Rumonge. Sumaku iliinuka kidogo tu, unene wa kucha. Lakini iliinuka. Wanafunzi walishangilia kama wamefunga goli. Akafunga nyaya, betri ya lori, kipimo chenye mshale, akajaribu kidonge kisicho na chokaa, kisha chenye chokaa. Alitazama mshale muda mrefu. Daktari wa mifugo akamwuliza, "Basi? Imepita?" Mwalimu akajibu "Bado," lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alimshika daktari mkono, hakuuachia mpaka azoti ilipokwisha kuchemka bakulini.

Sijaona tena siku nzuri kama ile katika shule ile. Ilipoisha, nilipogeuka, niliona kwamba nyuma ya wanafunzi alikuwa amesimama komanda wa kambi, kofia mkononi, peke yake.

Alingoja watu watoke. Mimi nilibaki kukusanya bakuli.

"Nimependa," alisema. "Kweli nimependa. Sasa nisaidie mimi kuelewa. Mutu anayejua kufanya hii, anashindwa kufanya kitu cha kulipuka?"

"Sijui kazi hiyo," alisema mwalimu.

"Betri iko. Nyaya iko. Moto uko kwako kila siku. Na makaa yanatoka wapi?"

"Milimani."

"Milimani." Komanda alirudia neno lile polepole, akavaa kofia. "Kuna watu huko wanakuhitaji kuliko mimi, Mwalimu. Nikijua umewasaidia, hautapika tena hata ugali."

Daktari wa mifugo aliondoka na msafara uliofuata. Msafara ulipigwa tena, huko Muhuta. Maiti zililetwa na magari yaliyogeuza. Yeye hakuwemo kwenye maiti, wala hakuwemo kwa waliofika. Mwalimu alikwenda kila siku kwenye barieri kuuliza, akarudi. Tanuri lilipoa, akaliacha hivyo hivyo. Alikuja kwetu akakaa na mume wangu, na mimi nikawapelekea chai ambayo hawakuinywa.

Kisha kijana wa makaa akaja, mchana kweupe, na gunia moja tu. Hawakukaa kwenye tanuri. Waliingia ndani, na mwalimu hakumwambia avue viatu. Nilimwona kijana akitoka kwanza. Mwalimu alitoka nyuma yake na begi la nguo, akafunga mlango, akaniona uani.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Mama Zawadi, nakwenda kufundisha mahali. Mwambie direkta."

"Utarudi lini?"

Aliliweka begi begani. Alitembea nyuma ya ile baiskeli mpaka kwenye kona ya msikiti. Jioni askari walikuja, wakavunja tanuri kwa mitarimbo, wakamwaga unga wote mchangani. Mji ukasema amekimbia. Wengine wakasema ameuawa. Wengine wakasema sasa mmeona alikuwa nani.

Mabomu ya barabarani yakaanza miezi iliyofuata, upande wa kusini, kwenye njia za michikichi kuelekea msitu wa Kigwena. Mengi hayakulipuka. Askari waliyakuta, wakayang'oa, wakasema walioyatega ni wajinga. Watu wakarudi kuzitumia zile njia. Lori alilopanda mume wangu, akiwa ameketi juu ya madebe yake ya mawese, lilikuta moja lililolipuka. Nilimzika katika wiki ya mvua, na sonara ndiye aliyenishika mkono makaburini.

Nimeeleza hayo kwa ufupi kwa sababu siwezi kwa urefu.

Vita ilipokwisha, nilianza tena kwenda Uvira kumtembelea shangazi yangu. Nilikuwa sokoni siku moja natafuta kitambaa cha suruali ya mwanangu, nikapita vibanda vya watengeneza redio. Kimoja kilikuwa safi kuliko vingine. Mtu aliyekuwa ndani aliinua kichwa.

"Mama Zawadi," alisema.

Nilimjua kwa mabega. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidole gumba na kipande cha kidole kingine, na kwa mkono huo alikuwa ameshikilia redio iliyo wazi huku wa kulia ukiunga waya zake kwa risasi iliyoyeyushwa. Akakizima chuma chake cha kuchomelea, akanipa kigoda, akaketi mbele yangu chini sakafuni. Hakuuliza habari za shule. Hakuuliza habari za mtu yeyote. Aliuliza kama njia za michikichi za Kigwena zinapitika.

"Zinapitika. Wanawake wanapita kila siku kuchuma."

Alifumba macho. Kisha akaniambia yote, kwa sauti ile ile ya darasani, bila kupandisha wala kushusha.

Kijana wa makaa alimwambia siku ile kwamba daktari wa mifugo yuko hai, yuko kwao, na ataendelea kuwa hai kama Mwalimu atakwenda kuwafanyia kazi. Akaenda. Huko juu walimpa vilipuzi, nyaya na betri. Naye akafanya alichokijua. "Maisha yangu yote nilitafuta jinsi umeme utakavyovuka pale unapokwama," alisema. "Kule nikafanya unakwama. Kila kiungo cha waya nilikiacha kibovu kidogo, kidogo sana, mtu akitazama anaona kizima. Ukibonyeza, umeme unafika pale unachoka. Hailipuki. Nikawa nawaambia ni unyevu, ni betri."

"Na daktari?"

"Alikufa siku ile ile, barabarani. Mwanamke aliyekuwa anatupikia ndiye aliyeniambia, baada ya muda mrefu. Nilikuwa nafanya kazi kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa."

Walianza kumshuku. Siku moja walimlazimisha ajaribu mwenyewe kilipuzi kimoja mbele yao, akakishika mkononi, na hicho ndicho kilichochukua vidole. Katika vurugu ile wakamwacha wakidhani anakufa, na watu waliokuwa wakivuka kwenda Kongo wakamchukua.

Nilimwuliza swali nililokuwa nalo. Nililisema mara mbili ndipo likasikika.

"Lori la mawese. La Kigwena. Baba Zawadi alikuwa juu yake."

Hakujua. Niliona wazi kwamba hakujua. Aliweka ule mkono mbovu sakafuni kama mtu anayetafuta pa kushikilia.

"Ile bomu ilikuwa yangu," alisema. "Kiungo kimoja sikukiharibu vya kutosha. Nilisikia mlio nikiwa juu. Nilijua ni ile. Watu sikuwajua."

Watu walikuwa wanapita mbele ya kibanda, wanauliza bei ya betri, wanakwenda. Nilitaka alie nimchukie kwa urahisi, naye hakulia. Baada ya muda akasema kuna mengine mawili bado ardhini, aliyaona yakifukiwa, na hayakung'olewa. Betri zake zimekufa zamani, lakini baruti haifi, na jembe au moto wa shamba unatosha. Amekuwa akijaribu kumweleza kila mtu wa Rumonge anayepita sokoni, na kila mara anapofungua mdomo anamwona komanda, anamwona yule kijana, anafunga. Alianza kunieleza mahali penyewe: kuna mti, kuna kijito, kuna mchikichi uliolala.

"Mchikichi uliolala umeshaoza," nilimwambia. "Mimi sitapajua. Twende."

"Wakinikamata?"

"Watakukamata. Twende."

Alifunga redio zote za watu, akaandika jina la mwenyewe juu ya kila moja kwa chaki, akampa ufunguo mwanamke wa kibanda cha pili. Tulipanda gari hadi Bujumbura na jingine kushuka kando ya ziwa, tumekaa benchi moja, na katika njia nzima sikumwambia neno, wala yeye hakuniambia.

Rumonge alikwenda mwenyewe polisi akaeleza, na vijana wa kutegua mabomu wakaja na vifaa vyao na mkanda wa plastiki wa rangi nyekundu wakazungushia njia. Polisi wawili walikuwa wamesimama naye, pingu bado ziko kiunoni mwao. Wanawake wa mawese waliweka vikapu chini wakawa wanatazama. Mwalimu alivua viatu, sijui kwa nini, akaingia kwenye michikichi peku mbele ya wale vijana, polepole, akisimama, akigeuka kulitafuta ziwa kati ya miti ili apate mwelekeo, akienda tena. Kisha akapiga magoti na kunyoosha ule mkono wenye kidole kimoja na nusu kuelekea mahali palipoota majani kama pengine popote. Kijana mmoja akashusha kifaa chake pale, nacho kikalia.

Polisi mmoja alinigeukia, kalamu mkononi. "Mama, huyu mutu unamujua?"

Wanawake wote waliokuwa pale walinitazama, na wengine wao walikuwa wamekuja kwenye msiba wangu.

"Namjua," nilisema. "Iko jirani yangu."